Rangi Ambayo Haikukamata

Ba papa, ba mama, ndugu zangu bote wa shirika, ninabasalimia. Tangu Kwaresima banaomba nisimame hapa mbele, na kila mara kikohozi ilikuwa inanishika. Leo kikohozi imeisha, niko bila sababu ya kukaa. Sitataja jina ya mutu hata moja, juu bamoja bako hapa hapa. Mwenye kujitambua anyamaze tu, sawa vile mimi nilinyamaza muda murefu.

Bengi munajua kazi yetu hapa Butembo. Bwana yangu anaunga chuma. Anakata tole, ile bamba ya chuma, anaikunja, anaisudira, inakuwa tanki ya maji, ao pipa ya kuwekea mafuta ya mawese ile batu banaleta kutoka upande wa Beni. Mimi njo mwenye kupakala rangi. Mulango ya tanki ni mudogo, bwana yangu na ile mabega yake haingie. Mimi ninaingia. Njo vile nilipata kazi, musifikiri ilikuwa akili.

Batu banafikiri tanki inapakalwa inje tu, ili ipendeze. Hapana. Kazi kubwa iko ndani. Maji ikigusa chuma tupu, kutu inaanza kesho yake. Donc tunaweka mule ndani rangi ya pekee, nyeupe, nzito, ile haiharibu maji. Ikikauka inakuwa sawa ngozi. Ile ngozi inakaa katikati ya maji na chuma, moja isikule mwenzake.

Mais ile ngozi haikamate chuma yenyewe. Hapo munisikilize vizuri, juu shida yangu yote ilitokea hapo. Tole ikitoka ku usine, ku kiwanda, banaipakala mafuta kidogo isipate kutu mu njia. Kwa macho hauione, unaona tu inang'aa. Mbele ya kuweka nyeupe, unapaswa kuosha ile mafuta, unasugua na msasa, kisha unapakala rangi ya chini, ya kijivu, nyepesi sana. Mafundi banaiita apprêt. Ile ya kijivu inakamata chuma, na nyeupe inakamata ya kijivu. Ukiruka ile ya katikati, ni sawa umetandika shuka: inalala juu ya kitanda, haiishike.

Basi, Masere moja, mutawa mwenye kuongoza maternité, nyumba ya kuzalia kule juu ya kilima, alituomba tanki kubwa. Mbele ya ile tanki, bamama bakifika kuzaa, familia ilikuwa inachota maji ku chemchemi chini, inapandisha na bidon, ile madumu ya plastiki. Sasa maji ingetoka ku robinet, ndani ya nyumba. Padri alikwisha kutangaza siku ya kubariki, siku ya sikukuu ya parokia. Kila mutu alijua.

Tole ilikuwa inatoka Kasindi, ku mupaka. Njia ikafungwa, munajua vile njia yetu iko, camion ikalala huko siku tano. Ilipofika, bwana yangu akasudira bila kupumzika. Alipomaliza, tulibakia na siku mbili.

Akaniambia: "Mama batoto, twende tuombe Masere asogeze siku."

Nikamujibu: "Asogeze namna gani? Parokia nzima inajua. Unataka tupate haya? Nitamaliza."

"Na ile ya kijivu? Inaomba siku nzima ikauke."

"Niachie. Ni kazi yangu, ninaijua."

Akaniachia. Akaenda kupeleka mapipa kwa mutu mwingine, na mimi nikaingia mu tanki.

Ndugu zangu, ninabaambia kweli. Kopo ya kijivu ilikuwa ku etajere, ile rafu ya vifaa, imejaa, haijafunguliwa. Haikuwa shida ya kukosa kitu. Nilipangusa tole na kitambaa kavu, nikapakala nyeupe mara mbili. Nilijua, na nilipakala.

Siku ya sikukuu tanki ilikuwa inang'aa sawa sahani mupya. Padri akanyunyiza maji ya baraka. Masere akanishika mukono mbele ya batu, akasema: "Muangalie, ni mwanamuke amefanya hii." Bamama bakapiga vigelegele. Mimi nikacheka, nikacheka sana. Na nikarudi ku nyumba, nikalala usingizi muzuri. Hata dhambi yenyewe haikunisumbua. Ninasema ile juu batu banazoea kufikiri mwenye kosa halale. Analala, tena muzuri.

Musimu ya mvua ilipofika katikati, robinet ikaanza kutapika. Kwanza kipande kidogo cheupe, sawa ile ngozi ya ndani ya yai. Kisha bipande bingi. Mama moja aliyetoka kuzaa jana yake alikunywa maji, akahisi kitu ku ulimi, akaitoa na kidole. Alipiga kelele, nesi akakimbia. Balipofungua mulango ya tanki bakaona ngozi yote ya ndani imebambuka, inaning'inia, na chuma chini imekuwa nyekundu.

Masere akafunga maji. Kama ingeishia hapo, ningepata haya na ingepita. Mais ile juma batoto na bakubwa mu quartier, mutaa wetu, balikuwa banaharisha, na mu soko mama moja, mwenye sauti kubwa, akasimama akasema: "Ni karuho! Yule mwanamuke anatia sumu mu matanki!" Hapa kwetu munajua. Ukisema karuho, ile sumu ya bulozi, haiombe ushahidi.

Siku mbili hazikupita, batu bakajaa ku mulango yetu. Mawe ikaanguka ku mabati. Mutu akarudisha pipa, mwingine akarudisha tanki, wa tatu akaacha tu ya kwake mu njia, hakutaka hata kutuona. Bwana yangu akaitwa ku bureau ya quartier. Munganga wa zone ya afya alipima maji, akaandika karatasi: hakuna sumu, magonjwa inatoka ku chemchemi. Nani alisoma ile karatasi? Batoto bangu bakarudi kutoka ku masomo banalia, benzao balikataa kukaa nabo ku benchi moja.

Bwana yangu akaniambia: "Enda Beni kwa yaya yako. Nitabaki na batoto. Bakusahau kwanza."

Nikaenda. Yaya yangu, dada yangu mukubwa, ako na parcelle, kiwanja na nyumba, kule Beni, anapangisha byumba bitatu, na anachoma mandazi. Nilikuwa napiga unga naye asubuhi. Joto ya Beni munaijua, mutu wa Butembo anayeyuka sawa mafuta. Kila mutu aliyekuja kununua mandazi alikuwa anauliza: "Wewe ni mugeni?" na mimi nilikuwa namuhadisia yote. Balinisingizia sumu. Balinitupia mawe. Batu ba nyumba yangu bakateseka. Batu balikuwa banatikisa kichwa: "Pole, mama. Batu bako babaya." Ndugu zangu, ile "pole" ni tamu. Nilikula ile "pole" miezi mingi kupita mandazi. Na kila neno nilisema ilikuwa kweli! Balinisingizia, si uongo. Sikuwa na sumu. Ile kweli nilijifunika nayo mwili muzima, na kopo ya ku etajere sikuitaja hata siku moja, hata kwa yaya yangu.

Mu chumba moja ya ile parcelle alikuwa anapanga prof moja, mutu wa Kasai, serikali ilimutuma kufundisha chimie, ile kemia, ku lycée, masomo ya sekondari. Mutu mwembamba, mutulivu, alikuwa ananiita "Mamu," vile kwabo banaita mwanamuke wa heshima. Alikuwa na sanduku ya chuma, rangi imebanduka yote. Siku moja akaniuliza: "Mamu, yaya yako anasema unajua rangi. Unisaidie na hii sanduku."

Nikamwambia: "Prof, niliachaka rangi." Na nikaanza habari yangu, tangu Masere mpaka mawe.

Alisikiliza yote. Hakusema pole. Akasema: "Bon. Sumu, ni uongo. Ile tumemaliza. Mais rangi ilibanduka juu ya nini?"

"Tole ilikuwa mubaya, Prof."

"Tole ya Kasindi, mupya?"

"Mupya."

"Mamu, uliweka apprêt?"

Nilisimama, nikaenda kuanua nguo ku kamba. Nguo ilikuwa bado inatiririka maji. Yaya yangu akapiga kelele: "We! Umekuwa kichaa? Nimezianika sasa hivi!" Mimi nikaingia nazo mu nyumba, zimelowa, nikakaa ku kitanda nimezishika.

Siku tatu nilimukimbia yule prof. Akipita huku, mimi ninapita kule. Mu zile siku nilikasirika sana. Nilikuwa ninasema mu roho: yeye ni nani, mugeni, atanihukumu? Mais hakunihukumu. Aliuliza tu swali moja, swali ambayo fundi yeyote angeuliza, na mu miezi yote hakuna mutu aliyeniuliza. Njo ilinichoma.

Siku ya ine, jioni, alikuwa anasahihisha bakahier ya banafunzi ku barza. Nikasimama mbele yake. "Prof, sikuweka."

Akaweka bic chini. "Ilikosa?"

"Haikukosa. Kopo ilikuwa pale. Niliogopa kuonekana nimechelewa."

Akasema: "Bon. Sasa tunaweza kutengeneza sanduku."

Munafikiri alinipa mahubiri. Hapana. Alitafuta bipande bitatu ya tole. Moja akaiacha na mafuta yake. Ya pili tukaosha na sabuni na soda. Ya tatu tukaosha, tukasugua, tukaweka ya kijivu, tukangoja siku nzima. Akanionyesha kitu moja sikuijua mu maisha yangu yote ya kupakala: unadondosha maji ku chuma. Kama maji inajikusanya, inakuwa bidonge-bidonge, mafuta iko bado. Kama inatandaa yote sawa, chuma ni safi. Hauombe mashini. Tone ya maji tu.

Kisha tukapakala zote tatu na rangi moja. Nyuma ya juma moja akachukua wembe, akachora mistari kwenda na mistari kukata, ikafanya bibanda bidogo-bidogo, akabandika skochi, ile utepe ya kunata, juu, akanipa: "Vuta wewe mwenyewe, Mamu." Ya kwanza rangi yote ilikuja na skochi, sawa ganda ya ndizi. Ya pili, bibanda kadhaa. Ya tatu, nilivuta, nikavuta tena. Skochi ikatoka kavu.

Nikakaa chini pale pale ku barza, nikalia. Yaya yangu akafikiri mutu amekufa Butembo. Mimi nilikuwa ninaona ile siku moja niliyokataa kungoja. Siku moja tu, ndugu zangu.

Nikarudi Butembo. Sikumuambia mutu ninakuja. Bwana yangu alikuwa anasudira kitanda, kazi ya matanki ilikwisha kufa. Akavua miwani. Nikamwambia mbele hata ya kuketi: "Baba batoto, ile ya kijivu sikuiweka."

Akasema: "Ninajua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile nilirudi kupeleka mapipa. Kopo ilikuwa bado na kifuniko yake."

Huyu mutu alisimama ku bureau ya quartier, bakamutukana, bakamuita bwana ya mulozi, na hakusema: ni bibi yangu alikosa. Alikaa na batoto muda ule wote, anajua. Nikamuuliza: "Kwa nini haukuniambia?"

Akarudisha miwani ku macho. "Nilingoja uniambie wewe." Na akaendelea kusudira. Ni mutu wa maneno kidogo, munamujua.

Kesho yake tukapanda kilima. Masere alinipokea amesimama, hakunipa kiti. Nikamwambia: "Masere, sina karuho. Mais niko na kosa." Nikamusemea yote: siku mbili, kopo, kitambaa kavu. Nikamuomba aniachie nitoe rangi yote ya zamani na nifanye upya, kwa bitu byetu wenyewe.

Akasema: "Mama, nilikusifu mbele ya batu. Basi utasema mbele ya batu. Na utafanya kazi banakuona. Kama haiko vile, usiguse tanki yangu."

Nilitaka kumuambia ni nyingi. Bwana yangu akanigusa kiwiko. Nikaitika.

Jumapili, nyuma ya misa, mu uwanja wa maternité, nikasema. Yule mama mwenye sauti kubwa alikuwa pale, mikono ku kiuno. Nilipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Mutu moja akasema tu: "Kumbe ni uvivu." Nikajibu: "Ni uvivu, na kiburi pia."

Kazi ilichukua karibu majuma matatu. Tulifungua mulango ya juu na ya chini hewa ipite, bwana yangu anakaa inje ananiita kila mara asikie kama ninajibu, juu ile harufu inaweza kulaza mutu milele. Nikakwangua. Nikaosha. Nikadondosha maji: bidonge. Nikaosha tena. Bidonge kidogo. Nikaosha mara ya tatu, maji ikatandaa. Msasa. Ya kijivu. Nikangoja siku nzima, ninakaa ku jiwe sifanye kitu, batu banapita banauliza: "Unangoja nini?" "Ikauke." Kisha nyeupe. Kisha kungoja tena mpaka harufu iishe, na kuosha, na kumwanga.

Pembeni nilipakala kipande ya tole sawa sawa na tanki. Siku ya mwisho nikaileta mbele ya batu, nikachora na wembe, nikabandika skochi. Nikamupatia yule mama mwenye sauti kubwa. Akavuta. Akaangalia skochi, akaangalia tole. Akasema: "Bado." Akabandika nyingine, akavuta na nguvu ya kung'oa muhogo. Akageuza skochi ku jua. Akasema: "Imekamata," akanirudishia, akaenda zake. Hakuniomba musamaha mpaka leo. Mais mwezi uliofuata alituma mutu kuomba pipa ya mafuta. Mu Butembo, ile ni musamaha.

Ningetaka kumalizia hapo, ingekuwa habari muzuri. Mais iko kitu kingine.

Wakati maji ilifungwa, familia ilirudilia kupandisha bidon. Koko moja, mama muzee, alikuwa anapelekea mujukuu wake maji, siku mujukuu alikuwa anazaa. Mvua ilikuwa imenyesha, akateleza, akavunja mukono. Nilisikia habari yake siku ile tunakwangua. Nikaenda kwake na unga na mukungu ya ndizi. Alinikaribisha muzuri, akanionyesha mukono, umepona, umepinda kidogo.

Nikamwambia: "Koko, unisamehe. Ni kosa yangu."

Akasema: "Mukono si kitu, mwanangu, uliunga. Mais nilikuwa nataka kuona kitukuu cha kwanza kikitoka. Nilikuwa chini ya kilima mu matope, na ikazaliwa bila mimi."

Tanki niliitengeneza, ile siku yake siwezi. Ninaendaka kumuona Jumamosi, tunachambua maharagi pamoja. Hatuongeleake tena ile habari. Mara na mara anashika mukono yake wakati wa baridi, na mimi ninaiona.

Basi nishukuru. Ninashukuru Masere, ambaye hakunirahisishia. Ninashukuru yule prof wa Kasai, balimuhamisha mu muji mwingine, hajui hata kama ninamutaja hapa. Aliniuliza swali badala ya kunipa pole. Ninashukuru yaya yangu na nguo zake zilizolowa. Ninashukuru ninyi ba shirika, bale mulirudi kutusalimia wakati batu ba soko balikuwa bado banatukimbia. Na baba ya batoto bangu, ako kule nyuma, ameinamisha kichwa, hapendi nimuseme. Ninamusema.

Neno yangu ni moja. Mutu akikusingizia, utapenda kushika ule uongo wake na kuuonyesha kila mahali, na batu batakuhurumia. Mimi nilifanya vile. Balinisingizia sumu, kweli. Mais mule ndani mulikuwa kitu moja kidogo ambayo ilikuwa yangu, na nilikaa miezi mingi sitaki kuigusa juu uongo wa benzangu ulikuwa mukubwa kuipita. Utafute ile kidogo ambayo ni yako. Uiseme na mudomo yako, kwa mwenye uliyemukosea. Na usikawie sawa mimi, juu wakati unakawia, kuko mutu anapanda kilima na bidon.

Aksanti sana. Mwasingya kutsibu.